Uvimbe Unaolia Chini ya Vidole

Ndugu wa mgonjwa ndiye huuona kwanza. Asubuhi alimwacha mzee wake ana uso wake wa kila siku. Jioni, saa ya kuona wagonjwa, anamkuta mashavu yamejaa, shingo imepotea, na kope zimevimba hadi jicho moja halifunguki. "Sista, mbona baba amevimba hivi? Mmempa dawa gani?" Swali la pili ni la haki, maana mtu anayevimba uso hospitalini hudhaniwa kwanza kuwa dawa imemkataa. Lakini sista akiweka vidole viwili juu ya mtulinga na kubonyeza taratibu, atahisi kitu ambacho mzio haukifanyi: vipovu vidogo vinapasuka na kuhama chini ya ngozi, kama unapobonyeza mfuko wa bisi. Akiweka kipimo cha kusikilizia hapohapo, atasikia mkwaruzo huo masikioni. Ngozi yenyewe haina joto, haijabadilika rangi, na mgonjwa hasemi kwamba inauma sana. Hiyo ni hewa.

Madaktari wanaiita emfisema ya chini ya ngozi, na jibu ambalo ndugu hupewa mara nyingi ni fupi: itaisha yenyewe. Jibu hilo ni la kweli kwa wagonjwa walio wengi. Ubaya wake ni kwamba husemwa mapema mno, kabla mtu hajajua gesi yenyewe ni ipi, imeingilia wapi, na kama mlango iliopitia umeshafungwa au bado uko wazi. Wagonjwa wawili wanaweza kuwa na shingo zilizovimba sawasawa, mmoja akahitaji kusubiri hadi kesho, mwingine akawa na dakika chache tu. Shingo haitakuambia yupi ni yupi.

Haitakuambia kwa sababu ya jinsi mwili ulivyojengwa. Chini ya ngozi kuna mafuta, chini ya mafuta kuna utando unaofunika misuli, na kati ya tabaka hizo kuna nafasi laini ambazo hewa yenye shinikizo dogo tu huweza kupenya. Nafasi hizo zimeungana. Za shingoni zinashuka hadi katikati ya kifua, palipo moyo na umio; za kifuani zinapita kandokando ya kiwambo hadi nyuma ya tumbo. Ndiyo maana gesi iliyoingizwa tumboni huweza kujitokeza shavuni, na hewa iliyopenya kwenye ufizi ikaonekana kando ya moyo. Mwaka 1939, Charles Macklin wa Kanada alionyesha njia mojawapo: vifuko vidogo vya pafu vikipasuka, hewa hutambaa kufuata mishipa ya damu hadi katikati ya kifua, na kutoka hapo hupanda shingoni. Mwaka huohuo Louis Hamman wa Baltimore alieleza mkwaruzo unaosikika kifuani sambamba na mapigo ya moyo, pale hewa inapouzunguka moyo. Mahali palipovimba, basi, ni mahali hewa ilipofikia tu. Chanzo kinaweza kuwa mbali.

Tuanze na upasuaji wa matundu madogo, maana huko gesi huingizwa kwa makusudi. Tangu Erich Mühe alipotoa kibofu cha nyongo kwa njia hiyo mjini Böblingen, Ujerumani, tarehe 12 Septemba 1985, upasuaji huu umeenea dunia nzima, na sasa katika hospitali kubwa za Dar es Salaam na Nairobi nyongo, kidole tumbo na uvimbe wa kwenye ovari hutolewa hivyo. Ili mpasuaji aone ndani, tumbo hujazwa hewa ukaa kwa shinikizo ambalo kwa kawaida ni milimita 12 hadi 15 za zebaki. Hewa ukaa imechaguliwa kwa sababu mbili nzuri: haishiki moto panapotumika kifaa cha umeme cha kukatia, na huyeyuka haraka kwenye damu.

Gesi hiyo huingizwa mara nyingi kwa sindano yenye springi aliyoibuni János Veress wa Hungaria katika miaka ya 1930. Veress hakuwa akifikiria tumbo. Alikuwa akitibu kifua kikuu wakati ambapo dawa zake hazijapatikana, na madaktari walikuwa wakiingiza hewa kifuani ili pafu lisinyae na kupumzika. Ncha ya sindano hiyo leo ikisimama kabla haijatoboa utando wa ndani wa tumbo, gesi yote inaishia kwenye ukuta wa tumbo, na mgonjwa huanza kuvimba kabla kazi haijaanza. Hata sindano ikiwa imekaa sawa, gesi huvuja pembeni mwa vile vijibomba vinavyopitishia vifaa, hasa kijibomba kikilegea au kikichomolewa na kurudishwa mara kadhaa. Operesheni ndefu huongeza hatari, na matundu mengi, shinikizo kubwa na umri mkubwa vivyo hivyo. Utafiti mmoja wa Marekani uliochapishwa mwaka 2000, uliopitia operesheni 968, ulikuta tatizo likijitokeza zaidi pale kazi ilipozidi dakika 200 au matundu yalipofikia sita na zaidi. Upasuaji wa ngiri, figo au tezi dume unaofanyika nje ya utando wa tumbo una hatari yake ya pekee, kwa kuwa hapo gesi huingizwa moja kwa moja katika zile nafasi laini. Mwanamume aliyetengenezwa ngiri anaweza kuzinduka akakuta mfuko wa korodani umejaa. Hutisha, lakini ikiwa kilichojaa ni gesi tupu, kesho yake huwa umepungua.

Hapa ndipo watu wengi, wakiwemo baadhi ya wahudumu, hukosea kuipima hatari. Hutazama uvimbe. Uvimbe wa hewa ukaa hauna ukaidi: gesi ikifungwa, huanza kunywea ndani ya saa chache, na mara nyingi siku moja au mbili humaliza kazi. Lakini inakwenda wapi? Inaingia kwenye damu, na njia yake ya kutokea ni pafu. Wakati mgonjwa yuko kwenye nusu kaputi, mtaalamu wa usingizi huona hewa ukaa ikipanda kwenye kipimo cha pumzi, na huongeza kasi ya mashine ili itoke. Operesheni inaisha, mashine inaondolewa, na sasa mgonjwa mwenye usingizi wa dawa za maumivu, tumbo linalouma na misuli iliyochoka anatakiwa aitoe mwenyewe gesi ambayo ngozi yake bado inaimimina kwenye damu. Asipoweza, damu huwa na asidi. Husinzia, hutoka jasho, mikono huwa ya moto, mapigo huenda mbio na kwa nguvu, na akiamshwa hulalamika kichwa. Mtu asiyejua husema, "Mwacheni alale, dawa haijamtoka."

Kipima oksijeni cha kidoleni hakitamwokoa. Mgonjwa aliyevishwa barakoa ya oksijeni anaweza kusoma asilimia 98 huku hewa ukaa ikiendelea kulundikana, kwa sababu vitu hivyo viwili hupimwa mbali mbali. Kwetu kipima oksijeni kimefika vyumba vingi vya upasuaji. Kipimo cha hewa ukaa kwenye pumzi bado ni cha wachache. Mahali kilipo, kanuni ni rahisi: mgonjwa aliyevimba hadi kifuani au shingoni hatolewi mpira wa kupumulia mpaka kipimo kirudi karibu na kawaida. Pasipo na kipimo hicho, kilichobaki ni kumchelewesha chumba cha uangalizi, kuhesabu pumzi zake kwa dakika nzima badala ya kukisia, kumwamsha na kumsemesha. Kama kuna usingizi wa naitrasi oksaidi, unafungwa, maana gesi hiyo hukimbilia kwenye kila kifuko cha hewa mwilini na kukitanua kabla kilichomo hakijapata nafasi ya kutoka. Na kabla ya kusema ni gesi ya tumbo tu, mtu asikilize pande zote mbili za kifua: mara nyingine gesi imepenya hadi kuzunguka pafu, na hilo ni jambo jingine kabisa.

 

Kifua ni habari nyingine, na kwa maoni yangu ndicho kinachostahili hofu zaidi. Gesi iliyotoka kwenye pafu ni hewa tunayovuta, na asilimia 78 ya hewa hiyo ni naitrojeni, ambayo damu huinywa polepole sana. Kwa hiyo uvimbe huu hukaa siku kadhaa, hata wiki moja au mbili. Zaidi ya hapo, pafu lenye tundu halina swichi. Mashine ya gesi ya tumboni inazimwa kwa kidole, lakini pafu linalovuja linaongezwa hewa na kila pumzi, kila kikohozi, na zaidi ya yote na mashine ya kupumulia inayosukuma hewa ndani kwa nguvu. Wakati wa janga la korona, vyumba vya wagonjwa mahututi katika nchi nyingi viliona hali hii mara kwa mara, kwa kuwa mapafu yaliyokwisha kuharibika yalikuwa yakisukumiwa hewa kwa siku nyingi mfululizo.

Mgonjwa aliyepasuliwa kifua, au aliyeumia mbavu kwenye ajali ya bodaboda, huwekewa mrija unaoshuka hadi kwenye chupa yenye maji chini ya kitanda. Mfumo huo ni wa zamani. Gotthard Bülau aliuanza Hamburg katika miaka ya 1870, na wazo lake halijabadilika: hewa itoke kwa vipovu, maji yaizuie isirudi. Shingo ikianza kuvimba kwa mgonjwa mwenye mrija, macho yasiende shingoni bali kwenye chupa. Maji ndani ya kijibomba chake hupanda na kushuka kadiri mgonjwa anavyopumua. Kama yametulia tuli na uvimbe unaongezeka, mrija umeziba: pengine damu imeganda ndani, pengine umekunjika kwenye chuma cha kitanda, pengine mgonjwa ameulalia, pengine mtu aliubana kwa koleo wakati wa kumpeleka eksirei na akasahau kuufungua. Kama vipovu vinatoka bila kukoma, mrija unafanya kazi lakini pafu linavuja kuliko mrija unavyoweza kubeba, na huenda ukahitajika mkubwa zaidi au wa pili, au kuongezwa mvuto.

Kuna kosa moja dogo ambalo ningependa kila mhudumu wa wodi alijue kwa macho. Mrija wa kifuani una matundu ubavuni, na tundu la mwisho limewekwa pale ambapo ule mstari mweupe wa mrija kwenye eksirei unakatika. Mrija ukiteleza nje sentimita chache, labda kwa sababu uzi haukuufunga vizuri, tundu hilo hutoka kifuani na kukaa katikati ya nyama. Tangu dakika hiyo mrija uliowekwa kutoa hewa unaisambaza chini ya ngozi. Itafute ile nafasi kwenye picha: ikiwa iko nje ya mbavu, umeshapata jibu. Mrija hausukumwi kurudi ndani, kwa sababu kipande kilichokuwa nje kimeshabeba vijidudu; huwekwa mwingine. Na mrija unaotoa vipovu haubanwi, hata kwa safari ya korido moja. Chupa inabaki chini ya usawa wa kifua, basi.

Hatari yenyewe ni hewa kujikusanya kuzunguka pafu chini ya shinikizo hadi moyo usukumwe upande na damu ishindwe kurudi. Mgonjwa hupumua kwa kasi, mapigo huenda mbio, presha hushuka, upande mmoja wa kifua haupandi na hausikiki. Hapo haisubiriwi picha. Hewa hutolewa kwa sindano au kwa kufungua kifua, kisha mrija hufuata.

Shingoni mambo hugeuka haraka zaidi. Mtu aliyetobolewa koo ili apumue kupitia mrija, akavimba ghafla siku za mwanzo, achukuliwe kuwa mrija wake umetoka kwenye bomba la hewa na unapuliza ndani ya nyama mpaka ithibitishwe vinginevyo. Ishara ya kitandani ni kwamba mpira wa kufyonzea makohozi unagoma kupita. Kuongeza kasi ya mashine katika hali hiyo ni kuzidi kumjaza. Wakati mwingine sababu ni nyepesi: jeraha limeshonwa kwa kubana mno kuzunguka mrija, au limefungwa kwa shashi nyingi, na hewa inayopaswa kutoka nje haina pa kupitia. Nyuzi mbili zikilegezwa, kazi imekwisha.

Hata kiti cha daktari wa meno kinahusika. Mwaka 1900 jarida la madaktari wa Uingereza lilichapisha kisa cha mpiga tarumbeta aliyevimba uso baada ya kupuliza ala yake muda mfupi tu tangu ang'olewe jino. Siku hizi mpulizaji mkuu ni drili inayoendeshwa kwa hewa, ikitumika kukata gego la mwisho la chini baada ya ufizi kufunguliwa. Hewa yake ina shinikizo, si safi, na inaingia pamoja na mate. Madaktari waangalifu hutumia drili ambazo hewa yake hutokea nyuma. Mgonjwa naye aliyetoka kung'olewa gego, au aliyefanyiwa upasuaji wa pua au mifupa ya uso, asipenge kamasi kwa nguvu, asipulize puto, na akipiga chafya aache mdomo wazi.

Umio nausema kwa ufupi ingawa ndio unaoua kwa ukimya. Kipimo cha kamera kilichopitishwa kooni, au operesheni ya karibu na umio, ikifuatiwa na maumivu ya kifua au mgongo, homa, na hewa inayolia shingoni hata kama ni kidogo, ni tundu mpaka picha yenye dawa ya kuonyesha iseme hakuna. Katika hali hii kiasi cha hewa hakina maana yoyote. Mate na chakula vinamwagika kando ya moyo, na kila saa inayopita inapunguza nafasi ya kupona. Mgonjwa hali, hanywi, hupewa antibiotiki za mshipani na kuitiwa mpasuaji.

Je, kila uvimbe wa uso au shingo ni hewa? La. Mzio huvimbisha midomo na kope, huwasha, huleta vipele, lakini haulii chini ya vidole. Damu iliyokusanyika baada ya upasuaji wa rovu ni ngumu, imekaza, na huweza kumkaba mgonjwa ndani ya saa 24 za kwanza. Hiyo hufunguliwa nyuzi palepale kitandani. Kinachodanganya kweli ni gesi inayotengenezwa na bakteria kwenye jeraha lililooza, kwa kuwa nayo hulia. Tofauti iko kwenye saa na kwenye maumivu. Hewa ya operesheni huonekana mezani au saa chache baadaye, na ngozi yake ni nzima. Gesi ya bakteria kwa kawaida huja baada ya siku moja hadi nne, ikiwa na homa, maumivu makali yasiyolingana na jeraha linavyoonekana, ngozi inayogeuka rangi ya shaba na kisha nyeusi, majimaji yenye harufu. Hewa iliyokuwa imeisha ikarudi siku ya tatu na homa si hewa ileile. Anayemwambia mgonjwa huyo kwamba itaisha yenyewe anampotezea mguu au maisha.

Picha ya eksirei husaidia na hukwamisha. Huonyesha hewa vizuri, hata nyuzi za msuli wa kifua huonekana mojamoja, lakini michirizi hiyohiyo hulifunika pafu lililo nyuma yake, na hewa ndogo inayolizunguka ikafichika. Picha ya CT hutatua hilo mahali ilipo. Isipokuwepo, uchunguzi wa mikono na kurudia eksirei baada ya saa chache ni bora kuliko kuamini picha moja.

Tiba, kwa wengi, ni kuziba chanzo na kungoja kwa makini. Kungoja huko kuna kazi ndani yake. Muuguzi huchora kwa kalamu mpaka wa uvimbe na kuandika saa. Mstari ukivukwa, si suala la maoni tena kwamba unaongezeka. Mgonjwa huinuliwa kichwa cha kitanda, hupewa dawa ya maumivu na ya kikohozi ikibidi. Oksijeni nayo ina sababu yake hata kwa mtu ambaye kiwango chake ni kizuri: akiivuta kwa wingi, naitrojeni hupungua kwenye damu, na ile iliyofungiwa chini ya ngozi hupata mteremko wa kutokea. Antibiotiki zina maana pale hewa ilipopitia mdomoni, kwenye umio au utumbo. Kumpa kila aliyevimba kwa sababu amevimba ni mazoea tu, na mazoea hayo tunayalipia kwa bakteria wasiosikia dawa.

Wachache hufikia hatua ambayo hewa yenyewe inakuwa shida: macho hayafunguki, sauti imekuwa nyembamba na ya puani, kumeza kunasumbua, kifua kimekaza hadi mashine inashindwa kukisukuma. Hao hufanyiwa kitu kinachoonekana cha kishamba lakini kinafanya kazi. Chini ya mitulinga, kila upande, daktari hukata sentimita mbili au tatu kupita ngozi na mafuta hadi kwenye utando wa msuli, huacha jeraha wazi, kisha husukuma hewa kwa viganja kuelekea hapo. Uso hupungua ndani ya saa chache. Wengine huweka mirija midogo yenye matundu chini ya ngozi, au sponji yenye mvuto juu ya jeraha. Yeyote anayesikia habari hii asije akadhani wembe wa mganga utafanya kazi hiyohiyo: chale ni za juujuu, hazifiki hewa ilipo, na zinachofanikiwa kuingiza ni vijidudu. Hata daktari hakati mpaka ajue pafu liko salama.

Nyumbani, dawa ya kwanza ya kila kilichovimba ni kukandwa kwa kitambaa cha maji ya moto. Kwa hewa hii kukanda hakusaidii; huisambaza tu, na ngozi iliyotoka kwenye usingizi wa dawa huungua mwenyewe hajui. Kujikamua chooni, kubeba ndoo na kuvuta sigara vingoje. Safari nazo zina hesabu yake. Ndege inayopaa huwa na shinikizo ndani sawa na la kimo cha hadi mita 2,400, na gesi iliyofungiwa mwilini hutanuka kwa karibu theluthi. Wengi hawajui kwamba basi linalotoka Mombasa kwenda Nairobi nalo linapanda takriban mita 1,700, na gesi hiyo hutanuka kwa zaidi ya moja ya tano. Kwa hewa kidogo ya chini ya ngozi hilo si kitu. Kwa mtu ambaye pafu lake bado limezungukwa na hewa ni jambo kubwa, na huyo asiondoke hospitalini kabla eksirei haijasema pafu limejaa.

Linalonikera katika suala hili zima ni kwamba sehemu kubwa ya hatari imehamia nyumbani bila maelezo kuifuata. Mgonjwa wa nyongo huruhusiwa siku hiyohiyo au kesho yake, akiwa na karatasi inayomwambia arudi kutolewa nyuzi. Hospitali inayofanya upasuaji wa matundu iongeze mistari michache kwenye karatasi hiyo, kwa Kiswahili, pamoja na namba ya simu inayopokelewa usiku: ukiona uvimbe unaolia ukibonyezwa, usiukande, tupigie; lakini ukipumua kwa shida, sauti ikibadilika, kumeza kukikushinda, kifua kikiuma, homa ikipanda, jeraha likigeuka rangi, uvimbe ukiongezeka badala ya kupungua, au mgonjwa akisinzia kupita kiasi, usipige simu, njoo. Na wewe unayemuuguza mtu wako, kama hujapewa karatasi ya namna hiyo, iombe kabla hujalipa na kuondoka.